Thumuni ya Nini?

Arobaini imeshapita, mikeka imekunjwa, na wanafamilia wamekaa sebuleni kugawa alichoacha baba. Shehe amemaliza kazi yake kabla chai haijapoa. Mjane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ana thumuni, yaani moja ya nane. Mama mzazi wa marehemu bado yu hai, ana sudusi, moja ya sita. Kinachobaki ni cha watoto, mafungu mawili kwa wa kiume na moja kwa wa kike. Hakuna aliyebisha. Ndipo binti wa mwisho, anayesoma chuo, akauliza swali lililowanyamazisha wote: "Samahani, Shehe. Thumuni ya nini?"

Familia hii nimeitunga, ila hakuna kipande chake ambacho sijakiona mahali katika miaka ya kushika madaftari ya wafanyabiashara wadogo. Swali la binti ndilo nataka tulikalie leo. Kugawa tunajua. Dini imetufundisha, mila zimetufundisha, sheria za nchi zipo. Kinachotushinda ni kukijua kile kizima kabla ya kukikata. Ugomvi wa mirathi, wa talaka, wa washirika waliochokana, huonekana kwa mbali kama ugomvi wa mafungu. Usogelee, utakuta watu wamekubaliana fungu zamani, wanachovutania ni kiasi.

Duka lenyewe ni la vifaa vya ujenzi, Mbagala Rangi Tatu: saruji, nondo, mabati, misumari, rangi, mabomba, koki, vitasa. Fremu moja ya kupanga, stoo ndogo nyuma, guta moja la kubebea mizigo. Kijana mmoja wa kubeba. Marehemu alikaa kaunta asubuhi, mkewe alikaa mchana kutwa.

Kaka mkubwa alikuwa wa kwanza kuja na hesabu. Alipita rafu kwa rafu na kalamu, akizidisha idadi kwa bei ya kuuzia. Mzigo peke yake ukampa shilingi milioni 50. Akaongeza daftari la wadaiwa, milioni 14. Guta, milioni 4. Kilemba, milioni 10. Jumla milioni 78, akaipigia mistari miwili chini kama tulivyofundishwa shuleni.

Kwa msomaji asiye wa Dar es Salaam, kilemba ni zile fedha unazompa anayetoka kwenye fremu ili wewe uingie, mbali na kodi ya mwenye nyumba. Mara nyingi hakina risiti, hakimo kwenye mkataba wa pango, na mwenye nyumba akiitaka fremu yake anaweza kukuambia hakijui. Wahenga walikijua kilemba cha ukoka. Hiki cha fremu nacho kina ukoka wake. Kukiandika kama mali ya milioni 10 kunahitaji kwanza uwe na mtu aliye tayari kukulipa milioni 10, na mwenye nyumba atakayemkubali.

Mama yao, yule mjane, akavaa miwani. Akasema, taratibu, kwamba saruji ile ya pembeni imeshaganda, misumari ya chini imeshika kutu, na ile rangi ya kijani haijauzwa tangu mwaka juzi. Kwa bei ya kununulia mzigo wote ni milioni 38, na milioni 6 kati yake ni mzigo uliokufa. Kwenye daftari la wadaiwa, milioni 5 ni za mafundi ambao namba zao hazipatikani. Kilemba akakikata. Halafu akatoa lile ambalo watoto hawakulijua: marehemu alikuwa na mzigo wa mali kauli wa milioni 9 kwa tajiri mmoja wa Kariakoo, na mkopo wa kikoba wa milioni 3. Mzigo milioni 32, wadaiwa 9, guta 4, toa 12. Zinabaki milioni 33.

"Mama, mbona umelishusha hivyo duka la baba?" kaka akauliza.

"Sijalishusha, mwanangu. Nimelihesabu."

Mali kauli ni jambo la kusimama nalo kidogo, maana ndilo linalovuruga hesabu nyingi nilizoziona. Tajiri anakupa mzigo kwa neno lako, unauza, unarudisha. Ni mkopo wa bei rahisi kuliko wowote atakaokupa mtu mwenye ofisi, na umejenga maduka mengi. Ubaya wake ni kwamba deni linakaa sehemu mbili tu: kwenye daftari la tajiri na kichwani mwa mdaiwa. Kichwa kikizikwa, linabaki daftari la upande mmoja. Tajiri mwaminifu atakuja msibani aseme ukweli. Tajiri asiye mwaminifu naye atakuja msibani. Na ndani ya miezi 4 tangu msimamizi wa mirathi ateuliwe na Mahakama ya Mwanzo, anatakiwa apeleke orodha ya mali na madeni. Ataandika nini kwenye mstari huo?

Kosa la kaka mkubwa si uchoyo. Ni kosa linalofanywa hata na wafanyabiashara wenye miaka 20 sokoni. Koki iliyonunuliwa 9,000 na kubandikwa bei ya 12,000 haijawa na thamani ya 12,000. Ile elfu 3 bado haijazaliwa. Mbele yake kuna kodi ya fremu, mshahara wa kijana, umeme, na miezi ya kungoja mteja mwenye bomba linalovuja. Anayehesabu mzigo kwa bei ya kuuzia anagawa faida ya kazi ambayo hakuna aliyeifanya, na atakayekuja kuifanya ni yule atakayebaki dukani.

Kisha akaja baba mdogo, mstaafu wa benki, na sauti ya mtu aliyezoea kukataa maombi ya mikopo. Akasema wote wawili wamekosea. Duka hununuliwa kwa kile linachoingiza, misumari iacheni. Akapiga hesabu: mauzo ya mwezi milioni 12.5, mzigo uliouzwa ulinunuliwa milioni 9.5, zinabaki milioni 3. Toa fremu laki 5, kijana laki 2 na nusu, usafiri laki 2, kodi ya serikali na leseni laki 2, umeme na mengineyo elfu 50. Faida milioni 1.8 kwa mwezi, milioni 21.6 kwa mwaka. Akazidisha kwa 3. Milioni 64.8.

Njia hii inaheshimika duniani kote, na baba mdogo aliitumia vizuri isipokuwa mahali pamoja. Nani alikuwa kaunta? Mjane huyo, saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, siku sita kwa wiki, bila mshahara. Marehemu mwenyewe, bila mshahara. Anayelinunua duka hainunui familia. Itabidi aweke msimamizi wa laki 8 na muuzaji wa laki 4, na hapo faida ya mwezi inabaki laki 6. Kwa mwaka ni milioni 7.2; zidisha kwa 3 upate milioni 21.6. Yaani ile aliyoiita faida ya mwaka mmoja ndiyo bei ya duka zima. Sehemu kubwa ya kilichoonekana kuwa faida kilikuwa mshahara wa watu wawili ambao hawakuwahi kuulipwa.

Na kwa nini mara 3, isiwe 2 au 5? Mara 3 maana yake mnunuzi anataka hela yake irudi kwa miaka mitatu, sawa na asilimia 33 kwa mwaka. Ni kiu kubwa. Hati fungani ya serikali haikupi hizo, lakini pia haikuamshi alfajiri kupokea saruji, na haina mafundi wanaozima simu. Kwa makampuni yaliyo kwenye soko la hisa unaweza kuchungulia bei za wenzake. Kwa fremu ya Mbagala hakuna kitabu cha bei. Mwenye kuzidisha kwa 3 na mwenye kuzidisha kwa 5 wote wanakisia, na yule anayekisia kwa sauti nzito ndiye huaminiwa. Baba mdogo alikuwa na sauti nzito.

Liko jambo jingine linaloishusha bei ya namna hii ya duka, nalo halionekani kwenye rafu. TIN, ile namba ya mlipakodi, ni ya mtu, na mtu amefariki. Leseni ina jina lake. Jina la biashara alilosajili BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, linamtambulisha yeye tu. Halikuzaa kiumbe kingine cha kisheria kama kampuni inavyozaa. Lipa namba iliyobandikwa ukutani inapeleka fedha kwenye akaunti yake. Namba za mafundi wote wakubwa wa Mbagala zimo kwenye simu yake, na nywila ya simu ile ameondoka nayo. Wateja walikuwa wa duka au walikuwa wake? Mafundi wakihamia duka la jirani mwezi ujao, zile milioni 12.5 za mauzo tunazozidisha kwa kujiamini ni historia.

Sasa turudi kwa binti na swali lake. Thumuni ya mama kwa hesabu ya kaka ni milioni 9.75. Kwa hesabu ya baba mdogo ni milioni 8.1. Kwa hesabu ya mama mwenyewe ni milioni 4.125. Kwa ile ya mwisho, milioni 2.7. Fungu ni lile lile, halijaguswa.

Utaona ajabu hapo: mama ndiye aliyetetea bei ndogo, ingawa inapunguza thumuni yake. Hakuna ajabu. Mama anataka kubaki na duka, kwa hiyo atawalipa wengine saba ya nane. Watoto wanataka kuondoka na fedha. Nimeshakaa vikao vingi vya namna hii, na nimeacha kuuliza watu wanaona duka lina thamani gani. Nawauliza unabaki au unaondoka. Jibu hilo linaniambia bei atakayoitaja kabla hajafungua mdomo. Ndivyo ilivyo pia kwa washirika: aliyekuja kwako na wazo la kutoka atakuonyesha ukuaji, mteja mkubwa anayekaribia kusaini, eneo linalopanda. Anayebaki atakuonyesha mapaa yanayovuja.

Kwa bei ya milioni 33, mama anatakiwa kuwatoa wenzake milioni 28.875. Hata kama duka lingeendelea kutoa milioni 1.8 kila mwezi na nyumba nzima isile, ni miezi 16. Kwa bei ya kaka, milioni 68.25, ni miezi 38. Watu hubishana bei hadi usiku, na hakuna anayeuliza italipwaje. Mimi ningechukua bei mbaya yenye ratiba nzuri kuliko bei nzuri inayotakiwa taslimu mwisho wa mwezi, maana hiyo ya pili humpeleka mama moja kwa moja kwa wale wa mikopo ya kausha damu, na mwaka haujaisha fremu ina mpangaji mwingine.

Na hapo bado hatujafika kwenye jasho la mama. Je, duka lote lilikuwa la marehemu? Kwa wanandoa wanaoachana, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango, ingawa Bi Hawa mwenyewe alitoka pale bila kuongezewa kitu. Kenya nako, Januari 2023, Mahakama ya Juu ilisema usawa wa wanandoa hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Kifungu cha 114 ni cha wanaoachana, hiki ni kifo, lakini hoja inafanana: aliyekaa kaunta miaka 18 ana haki ya kuuliza kipi ni chake kwanza, kabla kilichobaki hakijaitwa mirathi. Atathibitishaje? Hakuna karatasi ya mshahara. Hakuna hisa. Kuna kiti cha plastiki kilichobonyea.

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo wafanyabiashara wenzangu hawatapenda. Duka moja la Kitanzania mara nyingi lina bei tatu. Ipo inayotajwa kwa afisa wa TRA, mamlaka ya mapato, siku ya makadirio, ndogo. Ipo inayopelekwa benki siku ya kuomba mkopo, kubwa. Na ipo ya kweli, ambayo mwenyewe huijua kwa hisia, na huenda hata yeye asiijue. Wala sisemi mfanyabiashara ni mwizi. Waliofunga maduka Kariakoo Mei 2023, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza, na tena Juni 2024, walikuwa na malalamiko mengi ya kweli. Ila siku ya ugomvi wa thamani inafika na gharama yake. Mtathmini makini ataanza na ritani za kodi na kumbukumbu za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na kwa namba hizo duka ni dogo. Mrithi anayesema "hiyo ilikuwa ya TRA tu, duka lilikuwa linaingiza mara tatu" anaiambia mahakama kwamba baba yake alidanganya, na anaomba alipwe kwa udanganyifu huo. Nimeona mtu akijaribu. Upande wa pili haukuhitaji hata kusimama.

Huenda ukasema dawa ni kuandikishana mapema. Ni kweli, na washirika wangeandika tu ukurasa mmoja wa nini kitatokea mmoja akifa au akichoka, kesi nyingi zisingefunguliwa. Lakini karatasi peke yake hailindi. Kule St. Louis, Marekani, ndugu wawili walimiliki kampuni iitwayo Crown C Supply, nao wakiuza vifaa vya ujenzi. Walikuwa na mkataba mzuri kuliko wowote utakaouona Mbagala: mmoja akifa mwenzake anaruhusiwa kununua hisa zake, asipotaka kampuni inazinunua, na kampuni ikakata bima ya maisha ya dola milioni 3.5 kwa kila mmoja ili fedha ziwepo. Bei ilitakiwa kuandikwa kila mwaka kwenye cheti na kutiwa saini na wote wawili. Wasipofanya hivyo, waitwe wathamini.

Hawakuwahi kusaini cheti hata kimoja. Michael Connelly, mwenye asilimia 77.18, alifariki mwaka 2013. Ndugu yake na mtoto wa marehemu wakaelewana kirafiki dola milioni 3, bila mthamini. Mamlaka ya kodi ikasema hapana: kampuni ilikuwa na thamani ya milioni 3.86, na zile milioni 3 za bima zilizotumika kununua hisa nazo ni mali ya kampuni, jumla milioni 6.86. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 6 Juni 2024 majaji wote 9 wakakubaliana na mamlaka. Kodi ya nyongeza ilikuwa dola 889,914. Kwetu hakuna kodi ya mirathi ya aina hiyo, kwa hiyo hukumu yenyewe haitugusi. Kinachonikaa kichwani ni kile cheti. Kazi ya jioni moja kwa mwaka, ndugu wawili wanaoonana kila siku, na nafasi ya namba ikabaki tupu.

Kwa nini ikabaki tupu? Nadhani najua, maana nimewaona wa kwetu. Kutaja bei ya biashara mbele ya mshirika ni kama kutaja kifo au kuachana. Kaka akisema "tuandike duka lina thamani gani," ndugu anasikia "unataka kuniondoa?" Ndiyo sababu siamini sana ule ujanja unaosifiwa wa mmoja ataje bei na mwenzake achague kununua au kuuza kwa bei hiyo. Una haki kama wote wana fedha mfukoni. Ukiwa na fedha peke yako, unataja bei ya chini ukijua mwenzako, au mjane wake, hawezi kununua.

Kinachoweza kushika kwetu ni zoea lisilo na harufu ya ugomvi, na pwani hii tayari tunalo. Anayetoa zaka ya biashara inavyotakiwa, mwaka ukizunguka hukaa chini na kuthamini duka. Anahesabu mzigo kwa bei ya siku hiyo. Anaongeza fedha taslimu na madeni anayotarajia kulipwa, anatoa anayodaiwa, na kama kiasi kimefika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kuwajibika zaka, anatoa asilimia 2.5. Rafu, guta na kilemba havimo. Haitoshi kama uthamini kamili, na bei ya siku ile si ileile ya kununulia aliyoitumia mama. Lakini hufanyika kila mwaka, na mtu huifanya akimwogopa asiyedanganyika kwa makadirio. Ukiongeza hapo mshahara wa kila anayekaa kaunta, hata kama haulipwi, na saini ya mke au mshirika pembeni, umeshapata kile cheti cha St. Louis bila wakili.

Binti wa mwisho ndiye aliyelikumbuka. Kila Ramadhani baba alikuwa akifunga duka siku nzima na kukaa stoo na daftari lenye jalada jekundu. Walilikuta chini ya makopo ya ile rangi ya kijani. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa wa Ramadhani iliyopita, kwa mwandiko wake wa kulala: mzigo milioni 36 na laki 4, Kariakoo nadaiwa 7, kikoba 3. Mstari wa wadaiwa ulikuwa na namba moja iliyokatwa, nyingine imeandikwa juu yake, nayo pia imekatwa. Pembeni aliandika: "Wazuri 8. Waliobaki nimewasamehe, mama asijue."

Mama akavua miwani, akacheka mara ya kwanza tangu msiba.